Nebula kwa filamu na kwa dijitali: joto la visiwani linapoingia kati

Chake Chake iko nyuzi 5 na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo M42, nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya kundinyota la Jabari (Orion), hupita karibu juu ya utosi. Katikati ya Januari huwa hapo saa nne na kitu usiku. Kinachotusumbua ni joto, nalo haliiumizi filamu pale linapoiumiza dijitali.

Filamu huumia wakati wa kusafishwa. Dawa ya D-76, ya kusafishia filamu nyeusi-nyeupe, kwa kawaida hupimiwa nyuzi 20, na maji yetu ya bomba yana joto kuliko hapo. Dawa ikipata moto, muda wa kusafisha hufupika. Ukishuka chini ya dakika 5, filamu hutoka na mabaka, na kwenye anga tupu kila baka linaonekana. Changanya dawa na maji sawa kwa sawa ili muda urefuke. Kisha chupa zote, pamoja na fiksa (dawa ya kuidumisha picha) na maji ya kusuuzia, zikae kwenye beseni la barafu mpaka zilingane. Kusuuza kwa maji ya moto filamu iliyotoka kwenye baridi kunaweza kuikunja jelatini yake, lile tabaka lenye picha. Filamu ya rangi, inayosafishwa kwa dawa za C-41, hutaka nyuzi 38, na kwetu kupasha ni kwepesi kuliko kupoza.

Filamu pia huchoka: shata ikikaa wazi dakika 60, haikusanyi mara 60 ya dakika moja. Halafu nyingi za nyeusi-nyeupe hazioni vyema wekundu unaotolewa na hidrojeni ya nebula, nanomita 656. Soma jedwali la filamu kabla ya kununua.

Sensa haichoki hivyo, lakini chengachenga za joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6. Kwa hiyo fremu za giza, yaani picha zisizo na mwanga za kuondolea chengachenga hizo, 20 au zaidi, zipigwe usiku uleule, nje palepale, kwa ISO na muda uleule, kifuniko kikiwa kwenye lenzi. Zilizopigwa kwenye chumba chenye kiyoyozi hazifai kitu. Tena kamera ya kawaida ina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu ule. Bila kukibadilisha, nebula hafifu za wekundu huo hazitoki vyema.

Moyo wa M42 huungua upesi (huwa mweupe mtupu) kwenye dijitali, basi ongeza picha za sekunde 5 hadi 10 uzipandanishe na zile ndefu. Filamu huutunza moyo huo kwa upole zaidi, na kwa M42 mimi bado naipendelea: negativu mbili za rangi, zikaskaniwe kwa biti 16, kisha zipandanishwe ili chembe zipungue.