Kutoka Bukoba hadi Msitu wa Zika

Sampuli zangu zilipanda ndege, mimi nikapanda basi. Chupa arobaini za seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki chembe zikiondolewa, zimezungukwa na barafu kavu na kufuatana na rundo la vibali, zilifika Entebbe, Uganda, kabla yangu. Mwenye nazo aliondoka Bukoba alfajiri akiwa amekumbatia daftari na koti la maabara.

Mimi ni mwanabiolojia wa molekuli. Miaka yote hii nimekuwa nikifuatilia jinsi mwili unavyopambana na virusi vinavyoenezwa na mbu, na kinachoninyima usingizi ni undugu wao. Virusi vya dengi, Zika na homa ya manjano ni ukoo mmoja, hivyo kingamwili aliyoundiwa mmoja huweza kumng'ang'ania mwenzake. Ukipima kwa kipimo cha kawaida, ni kama kuita “Rweyemamu!” sokoni Bukoba: wanageuka wanne.

Kipimo kinachobagua kipo. Unachanganya seramu ya mtu na virusi hai, kisha unamimina juu ya seli zilizotandazwa kama zulia. Kingamwili zikiwa ndizo zenyewe, seli zinasalimika. Zisipokuwa ndizo, virusi vinatoboa vitundu kwenye lile zulia la seli, nawe unavihesabu kimoja kimoja mpaka shingo ikakamae. Mwaka wa nyuma nilijaribu nikiwa nyumbani. Umeme ukakatika Ijumaa usiku, jenereta haina dizeli, Jumatatu nikakuta sahani zote zimeota ukungu kama mkate wa juzi. Niliyemuuliza habari za dizeli alimtaja mwenzake, na mwenzake akamtaja aliyekuwa likizo. Ndiyo sababu ya safari: kukirudia kipimo kwenye maabara ya Entebbe.

Tulivuka daraja la Kyaka jua likichomoza. Mutukula, mpakani, tukagongewa mihuri, na kuanzia hapo Kihaya changu kikawa na faida kuliko Kiingereza, maana Kiganda ni jirani yake wa ukuta mmoja. Ilikuwa Novemba, msimu wa senene. Karibu na Masaka niliona mitego yao: mabati marefu yamesimamishwa yakiinama kidogo, chini mapipa, juu taa kubwa zilizokuwa zimezimwa kwa kuwa ni mchana. Senene hufuata mwanga usiku, hujigonga kwenye bati, huteleza hadi pipani. Nilitazama kwa wivu wa kikazi. Sisi na mitego yetu ya mbu tukipata viganja viwili tunashangilia!

Mama niliyekaa naye, aliyepandia Kyotera, alinimiminia senene wa kukaanga kwenye kiganja. “Hawa hatuwatii mafuta, mwanangu. Wana ya kwao.” Kwetu ni hivyo hivyo, nikamwambia, naye akanitazama kama vile nimedai mali yake.

Ikweta pale Kayabwe tuliipita bila hata kupunguza mwendo. Foleni ya Kampala siielezi.

Entebbe nilikaa wiki tatu. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ilianza mwaka 1936, kwa fedha za Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, ili kuchunguza homa ya manjano. Wakimsaka huyo mmoja, wakawa wanaibua wengine: virusi vya Nile Magharibi mwaka 1937, kutoka kwa mwanamke mwenye homa, na Zika mwaka 1947. Huyo wa pili ndiye niliyetaka kuona kwao.

Jumapili moja nikapanda takisi hadi Msitu wa Zika. Ni kipande kidogo tu cha msitu, magari ya barabara ya Entebbe yanasikika. Mzee aliyenipokea alijibu shikamoo yangu kwa kicheko: Kiswahili alikiokota utotoni, mwaka 1979, kwa askari wa Tanzania waliopiga kambi kijijini kwao. “Nyinyi wakombozi mmerudi?” akauliza.

Alinionyesha mnara wa chuma, mita 36, ambao watafiti waliutumia kujua ni mbu gani huuma kimo gani na saa ngapi. Nikapanda ngazi chache huku nikimsimulia habari za tumbili namba 766, aliyewekwa kizimbani juu ya mti ili mbu wamuume, akapata homa, na damu yake ikatoa virusi visivyojulikana.

“Na yeye mwenyewe, alikufa?”

Hakufa. Alipopona walichukua tena seramu yake, wakaichanganya na virusi vile vile, na panya waliodungwa wakalindwa. Kipimo changu, ila kwa panya badala ya seli.

Mzee akawaza. “Kwa hiyo alijitetea mwenyewe, na ushahidi mkauchukua nyinyi.”

Mbu mmoja alitua juu ya kifundo cha mkono wangu, miguu ina pingili nyeupe. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa na akili timamu.

“Shuka, mwanangu,” mzee akasema. “Jua likizama ndiyo saa yao.”