Nilivyompata yule mwenye nyumba wa kwenye tivii

Mi ni mtu wa Tanga, Makorora, na miaka sita sasa naigiza mwenye nyumba mkorofi kwenye komedi ya tivii. Watu wananiuliza sana yule mzee nimemtoa wapi maana mi mwenyewe nina miaka 34 na nyumba nimepanga.

Nilianzia maigizo ya jukwaani, spika mbovu, watoto wanapiga kelele, kwahiyo unazoea kupaza sauti na kurusha mikono mpaka aliyekaa nyuma kabisa akuone. Nikaenda na mambo hayohayo mbele ya kamera. Tukarekodi sini moja kutwa nzima, jioni dairekta akanikalisha akanionyesha picha, hakusema neno. Nikamuona mtu anachekesha kwa nguvu. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni, ukipandisha nyusi tu inaonekana, na mi napiga kelele utadhani niko uwanjani Mkwakwani timu yetu ya Coastal wamefunga goli.

Nikarudi kumwangalia Mzee Majuto, mchekeshaji wetu wa hapahapa Tanga, Mungu amrehemu, alitutoka Agosti 8, 2018. Tangu mdogo nilikuwa namwangalia kwa kucheka tu, safari hii nikazima sauti nikaangalia uso na mikono. Nikaona kumbe yule hachekeshi, ana shida yake, anataka hela au anataka kula, na anaitaka kweli.

Basi nikaacha kutafuta vichekesho nikatafuta mtu. Ngamiani kuna mzee ana duka, nanunua sukari kwake miaka yote. Akikupa chenji analamba kidole gumba, anahesabu noti, akimaliza ananyamaza anakutazama, halafu anaanza upya toka noti ya kwanza na macho hayatoki kwako. Hana hasira hata kidogo, ndio anavyohesabu. Nikakaa na hicho kitu nyumbani wiki mbili, simu nimeiegesha kwenye kopo inarekodi, nahesabu noti za elfu moja moja mpaka kidole kikawa kinaenda mdomoni chenyewe na sauti ikashuka yenyewe na mgongo nao ukapinda. Hapo ndio nikajua nimevaa uhusika. Waliponiambia nipunguze lafudhi niongee kama watu wa Dar nikakataa, kwa heshima ila nikakataa, yule mzee ukimtoa Tanga hana uhai tena.

Sini iliyonitoa haina kichekesho chochote kwenye skripti. Mpangaji kaleta kodi imepungua elfu tano, nahesabu, nanyamaza, nahesabu tena. Mpiga kamera akacheka mpaka picha ikatikisika, ikabidi turudie.

Hela si nyingi, tunalipwa kwa episodi na kuna miezi hatushuti kabisa, asubuhi bado nauza samaki soko la Deep Sea.

Mwaka jana nikajikaza nikaenda dukani. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia yule wa kwenye tivii ni wewe, nimechukua kuhesabu kwako, na moyo unanidunda nikihofia nimemvunjia heshima. Akanitazama kimya vilevile. Akasema wajukuu zake walishamwambia siku nyingi, alikuwa anangoja tu nije niseme mwenyewe.