Tulipopelekwa kulinda mahindi

Nilijiandikisha kwenye kazi ya kulinda msitu kwa ajili ya kipunji, kima wa mlima Rungwe, nisiseme uongo. Nimekulia Mbeya mjini, na mlima Rungwe huwa tunauona tukienda Tukuyu, ukungu ukiamua kuturuhusu. Lakini kima huyo nilimjua kwa picha tu.

Asubuhi ya kwanza tulipewa semina. Watafiti walisikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamwona mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Makadirio yaliyotolewa 2008 yalisema wamebaki 1,117, wengi wao misitu ya Rungwe na Livingstone, wachache Ndundulu kule Udzungwa. Nusu ya wenzangu walikuwa wanasinzia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutegua mitego. Mzee aliyetuongoza alikuwa mwindaji zamani, na hakulificha hilo. Sisi tulipita mahali bila kuona kitu. Yeye alisimama, akanyoosha fimbo. Mti mchanga ulikuwa umepindwa mpaka chini, ncha yake imefungwa waya wa breki ya baiskeli, na kitanzi kimelazwa chini ya majani makavu, katikati ya kijinjia cha funo, yule paa mdogo wa msituni.

"Rudini nyuma, wanangu," alisema, akakigusa kijiti cha kufyatulia. Mti uliruka juu kwa kishindo, ukatumwagia maji yote ya umande yaliyokuwa kwenye majani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akazungusha waya, akautia mfukoni. Waya ukiachwa porini, alisema, kesho unarudi kazini.

Ikawa hivyo siku baada ya siku: mvua, matope, mianzi inayokuchoma mbavu, kande jioni. Kipunji tulimsikia mara kadhaa, sauti nzito ya kukoroma na kubweka kwa pamoja, mbali juu ya miti. Kila tukikaribia, kimya.

Tukishuka siku moja tulipita shamba lililopakana na msitu. Mama mwenye shamba aliitikia salamu zetu vizuri tu, "Ndaga, ndaga," halafu akatuuliza kama ni sisi tunaowatunza wale kima. Kiongozi wetu alijibu ndiyo, kwa fahari kidogo. Mama akaonyesha mabua yaliyovunjwa.

"Basi njooni muwalinde huku wanakokula."

Kiongozi alianza kueleza umuhimu wa bayoanuwai. Mzee alimkata kwa upole, akasema vijana wawili watakuja kesho. Mmoja nilikuwa mimi.

Tulipewa debe bovu na gongo la kulipigia. Jua lilipopanda nikaona majani ya mti wa pembeni yanatikisika, akashuka mmoja: manyoya ya kahawia, uso mweusi, kishungi kimesimama utosini kama mtu aliyeamka sasa hivi, mkia umeinuliwa. Nyuma yake wengine. Nilisahau debe kabisa. Yeye hakunisahau, alinitazama, akavunja bua, akamenya hindi kwa ustadi ambao mimi sina. Mwenzangu ndiye aliyepiga debe. Wakapotea msituni huku wakibweka.

Mama alikuja mbio.

"Mmewaona?"

"Tumewaona, mama!" Nilikuwa nacheka peke yangu.

"Wamechukua mangapi?"

Hatukuwa tumehesabu. Akatunyang'anya debe, akatuelekeza kivulini tukapukuchue maharage.