Kwa Nini Namweka Jerry Rice Mbele ya Tom Brady

Hapa Kigoma, mpira wa Kimarekani ni mchezo wa watu wachache. Vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji huonyesha Simba, Yanga na ligi ya Uingereza, na fainali ya Super Bowl, ambayo kwa saa zetu huanza mnamo saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, huangaliwa kwenye simu na wale tu waliokubali kukesha. Uchache wetu, hata hivyo, haujapunguza ukali wa mabishano. Tukiulizana nani ni mchezaji bora wa nyakati zote, wengi hujibu Tom Brady, aliyekuwa kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, kwa sababu ana mataji saba ya Super Bowl. Mpwa wangu, ambaye ndiye mtetezi wake mkubwa, hunikatia maneno kwa upole: "Mjomba, saba ni saba." Nimeona niandike kwa kirefu kwa nini jibu hilo halinitoshi, na kwa nini mbele yake namweka Jerry Rice, mpokeaji wa pasi.

Ukubwa wa Brady siupingi. Mwaka 2000, timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, aliitwa katika nafasi ya 199, baada ya timu kuwachagua vijana 198 na kumwacha yeye, na alipostaafu moja kwa moja mwaka 2023 alikuwa na mataji mengi ya Super Bowl kuliko klabu yoyote, kwa kuwa hata New England Patriots na Pittsburgh Steelers wana sita sita. Katika fainali ya Februari 2017 Patriots walikuwa nyuma kwa 28 dhidi ya 3 mbele ya Atlanta Falcons, wakasawazisha, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza, na Brady akamaliza na pasi zenye jumla ya yadi 466. Kazi ile ilikuwa yake, na sijaona kwotabeki mwingine akifanya mfano wake katika fainali.

Lakini mataji mengine yanasimulia habari tofauti. Taji la kwanza, la Februari 2002, liliamuliwa na mguu wa Adam Vinatieri, aliyepiga mpira katikati ya milingoti muda ukiwa unakwisha. Na miaka miwili baadaye ni Vinatieri huyo huyo aliyepiga mkwaju wa ushindi dhidi ya Carolina Panthers. Februari 2015 Seattle Seahawks walikuwa wamebakiza yadi moja tu kuingia, na aliyeokoa taji ni Malcolm Butler, beki chipukizi aliyeinasa pasi yao mlangoni wakati Brady amekaa kwenye benchi akitazama kama sisi. Februari 2019 Patriots waliwafunga Los Angeles Rams 13 kwa 3, fainali yenye pointi chache kuliko zote, na Brady hakurusha pasi hata moja ya tachidauni, yaani ya kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Mataji haya ni yake kwa haki, ila ni yake pamoja na wenzake, na huwezi kumpa mtu mmoja hesabu ambayo imeandikwa na mikono ya wengi.

Ndiyo maana napendelea kipimo kingine. Katika mchezo huu wanaoshambulia na wanaolinda hawakai uwanjani pamoja. Mpira ukipotea, watu 11 hutoka na wengine 11 huingia, kila mmoja na kazi yake mahususi. Kulinganisha moja kwa moja jumla za kwotabeki na za mlinzi hakuna maana. Kinachoweza kulinganishwa ni umbali ambao kila mmoja amewaacha wale waliofanya kazi ileile aliyoifanya yeye, na kama umbali huo umebaki hata baada ya sheria na mbinu kubadilika.

Kwa kipimo hicho, sioni wa kusimama na Jerry Rice. Alikuwa mtoto wa fundi wa kujenga kwa matofali huko Mississippi, akasoma katika chuo kidogo cha Mississippi Valley State, na San Francisco 49ers wakamchukua mwaka 1985. Alicheza misimu 20 na kumaliza na yadi 22,895 za pasi alizopokea. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Pengo hilo ni karibu asilimia 31. Brady naye anaongoza kwa yadi za pasi alizorusha, 89,214, akifuatwa na Drew Brees mwenye 80,358, na pengo lao ni asilimia 11 hivi. Tena yapo mambo mawili yanayozidi kumpandisha Rice. La kwanza ni kwamba tangu aondoke, mabeki wamezidi kubanwa wasimguse mpokeaji, na tangu 2021 msimu una mechi 17 badala ya 16, yaani njia imelainishwa kwa kila anayemfukuza, na bado hawajamkaribia. La pili ni msimu wa 1987, ambao wachezaji waligoma: Rice alicheza mechi 12 tu na akapata tachidauni 22 za kupokea. Ilipita miaka 20 kabla Randy Moss hajafikisha 23, naye alihitaji mechi 16.

Mpwa wangu husema kwamba Rice alibebwa na warushaji, Joe Montana kisha Steve Young. Ni kweli walikuwa wakubwa. Lakini mwaka 2002, akiwa Oakland Raiders na warushaji hao wote wawili wamekwisha kustaafu, alipokea yadi 1,211 katika msimu aliotimiza miaka 40. Kwa umri huo wapokeaji wengi wameshaacha mchezo zamani.

Wa pili kwangu ni Jim Brown wa Cleveland Browns. Kati ya misimu yake tisa, 1957 hadi 1965, aliongoza ligi kwa yadi za kukimbia na mpira katika misimu minane, na hadi leo ndiye pekee mwenye wastani wa zaidi ya yadi 100 kwa mechi katika maisha yake yote ya uchezaji. Aliacha akiwa na miaka 30, kwa hiari yake, akiwa bado juu. Wa tatu ni Lawrence Taylor wa New York Giants, ambaye mwaka 1986 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Tangu hapo hakuna mlinzi mwingine aliyepewa heshima hiyo. Makocha, Joe Gibbs wa Washington akiwa mmojawapo, walilazimika kupanga upya safu zao za mbele kwa ajili ya kumzuia yeye peke yake. Brady namweka wa nne.

Nafasi ya tano huwashangaza hata wanaokubaliana nami, kwa sababu nampa Anthony Muñoz, mtu wa safu ya mbele ya washambuliaji aliyemkinga kwotabeki wa Cincinnati Bengals upande wa kushoto kuanzia 1980 hadi 1992. Kazi yake haiachi yadi wala tachidauni za kuhesabu, na mtu akitaka kumwona ni lazima aache kuufuata mpira kwa macho na amtazame yeye, mwanzo wa shambulizi hadi mwisho. Nimefanya hivyo kwa kila mkanda wa zamani niliofanikiwa kuupata, na namweka juu ya Montana bila kusita.