Samli ya Bibi na mizani ya jirani

Makaratasi niliyamaliza mapema. Viza za kumfuata mume wangu, aliyekuwa Uingereza akisoma shahada ya uzamivu, zilikuwa zimetoka. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, nakala zake na kadi za kliniki vilikaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni ambao sikuruhusu mtu auguse. Vipimo vya kifua kikuu tulishavifuata Dar es Salaam, maana mtu wa Tanzania anayekwenda kukaa kule zaidi ya miezi sita hapewi viza bila hivyo. Nyemo alikuwa na miaka saba, Baraka mitatu, kwa hiyo hawakupigwa picha ya kifua. Chini ya miaka 11 kwa kawaida daktari anawaangalia na kuuliza maswali tu. Kilichonitoa jasho ni ada ya afya: pauni 776 kwa kila mtoto kwa mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo, viza yenyewe hujaiona. Hiyo tuiache, nitapandisha presha bure.

Yalibaki mabegi. Ilikuwa Septemba 2024, Jumamosi, na Jumatatu tulikuwa tupande treni ya SGR kwenda Dar kuunganisha ndege. Tiketi zetu zilimpa kila mmoja kilo 23, Baraka naye akiwemo. Nikaenda kwa jirani anayeuza mahindi hapa Nkuhungu, Dodoma, nikaazima mizani yake ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, tukaifunga kwenye tawi la mwarobaini uani. Baraka akagoma begi lolote kupimwa kabla yake. Akaing'ang'ania ndoano, miguu juu: kilo 14.

Mama mkwe alitukuta hapo, akitokea Mvumi. Alikuja na kiroba cha karanga, mlenda uliokaushwa na kusagwa, nyama ya mbuzi iliyokaushwa, na kindoo cha samli kilichofungwa kwa kitambaa. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye mabegi.

“Mama Nyemo, baba yao kakonda. Nimemwona kwenye simu.”

Nikamkaribisha, nikamletea maji, nikajikaza.

“Mama, mlenda na karanga sawa. Ila samli na nyama haviendi.”

“Begi limejaa?”

“Halijajaa. Uingereza hawaruhusu abiria aingie na nyama wala kitu cha maziwa kutoka huku kwetu.”

Akakaa kwenye kigoda taratibu. “Kwani ng'ombe wangu wana nini?”

Swali hilo nilikuwa nimelitegemea, na jibu lake nilikuwa nimelisoma. Nikamweleza kwamba mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kule, na inaaminika ulianzia kwenye makombo yenye nyama ya magendo waliyolishwa nguruwe. Kabla haujaisha, mifugo zaidi ya milioni sita ilikuwa imechinjwa.

Nilidhani atanikatalia. Badala yake akaanza kunihoji kama bwana mifugo.

“Walikuwa wanatoa mate?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na kwato? Zinachubuka mpaka mnyama hasimami?”

“Hizo hizo.”

“Basi naujua.” Akanisimulia mwaka ambao mnada ulifungwa kwa karantini ya ugonjwa huo, mume wangu akiwa sekondari, ada inadaiwa, zizi limejaa na hana ruhusa ya kuuza hata mbuzi mmoja. Ng'ombe wake waliugua, wakakonda, wengi wakapona. Ndiyo maana hesabu ya milioni sita haikumwingia akilini.

“Waliwachinja wagonjwa tu?”

“Hapana. Zizi zima, na mazizi ya majirani pia, hata kama hawajaugua.”

“Hata wa jirani!” Akashika kichwa. Kwa muda akawa anawalilia wafugaji ambao hatawaona maishani, kindoo chake cha samli kipo miguuni. Mimi ile sheria nilikuwa naiona usumbufu wa maofisa wa uwanja wa ndege. Yeye aliielewa kwa upande wa zizi.

Kisha akanyanyuka. “Haya, Nyemo, mwambie dada asonge ugali. Hii samli inaliwa leo.”

Ikaliwa, na nyama ikaungwa karanga. Nilipomaliza kuosha vyombo nikarudi kwenye begi la mkononi: nguo za kubadili za kila mtoto, daftari la kuchora, na dawa ya maji ya homa kwenye chupa ndogo, kwa kuwa kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kinaleta maneno kwenye ukaguzi. Mama mkwe akawa anaangalia mizani kwa tochi ya simu.

“La Baraka limesoma ngapi?”

“Ishirini na mbili na nusu, Mama. Limetosha.”

Akalishusha, akafungua zipu, akatoa viatu vyangu vya kanisani vilivyokuwa vimefichwa chini ya sweta za mtoto, akapachika karanga mahali pake.

“Viatu hata kule vipo,” akasema, akalitundika tena.