Shosho na ziwa la Mpeketoni

Kila nikisema kwetu ni Mpeketoni lazima mtu aulize, "kwani Lamu kuna ziwa?" Liko, linaitwa Lake Kenyatta, tena la maji yasiyo na chumvi, na bila hilo pengine ningezaliwa kwingine kabisa.

Shosho, yaani nyanya yangu, alikuja na lori mwanzoni mwa miaka ya 70, skimu ya Lake Kenyatta ndiyo inaanza, serikali inagawia watu wasio na ardhi ekari 10 kila familia. Pale Garsen wakavuka mto Tana kwa pantoni ya kuvutwa na kamba, anasema alifumba macho mpaka ng'ambo. Sasa ukisikia ekari 10 unadhani shamba, kumbe unaonyeshwa kigingi hapa na kigingi kule, katikati ni msitu na mbung'o, panga ni lako. Kuna jirani aliangalia siku mbili tu akapanda lori lile lile akarudi bara.

Waliobaki ni maji yaliwashika. Wanawake walikuwa wanaenda ziwani kwa kundi, mmoja mbele anagonga debe ili viboko wasikie, na shosho mpaka leo hamwiti kiboko, anamwita "mwenye maji". Usiku mwenye maji anatoka kula mahindi machanga, kwa hivyo wanaume wanalala juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba. Hilo neno dungu alifundishwa na mama mmoja wa Mkunumbi aliyekuwa anamletea samaki, huyo huyo alimfundisha kupika wali wa nazi, mwanzo ati ulimshinda akaula na maharagwe.

Na hapa niseme kitu sisi wa skimu hatupendi kusema: msitu haukuwa mtupu. Waboni walikuwa wanarina asali humo, Waswahili wanalima, na ziwa halikuzaliwa likiitwa Kenyatta. Sisi tukapata hati, wao wengi wakangoja miaka na miaka. Hasira yao naielewa.

Pamba ililimwa, korosho na maembe pia.

2017 ukame ulikausha ziwa lote, viboko na nyati wakafa matopeni. Nikambeba shosho na bodaboda akaone. Akavua viatu, akatembea polepole mpaka katikati, pale ambapo maisha yake yote hakuthubutu kukanyaga, akasimama, akageuka kuniangalia.

"Kumbe kina chake ndicho hiki tu?"