Nilivyolitupa dodoso nikaenda kunywa teh tarik

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili kule Gombak, pembeni mwa Kuala Lumpur, nilipewa kazi niliyoiona nyepesi: nichunguze kwa nini vijana wa nchi nyingine za Asia huja kusoma Malaysia, kwa jirani, wakaacha Ulaya na Marekani. Nikatunga dodoso la kurasa 2, nikaligawa hosteli, maktaba, hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Likarudi bunda zima, na karibu kila mtu kaweka tiki palepale: "ubora wa elimu".

Msimamizi wangu alilipekua kidogo akaniuliza, "Wewe unaamini?"

Sikuamini. Nilikuwa naishi nao. Usiku kwenye korido za hosteli nilisikia habari za ada, viza na mama zao. Za ubora wa elimu sikuwahi kuzisikia.

Basi nikaweka karatasi kando. Malaysia kuna migahawa inaitwa mamak, ya Waislamu wenye asili ya Kitamil, na mingi haifungwi usiku. Unaagiza teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu, na roti canai, ambayo mtu wa pwani akiitia mdomoni anajua kabisa ni ndugu yake chapati. Pale ndipo nilipohamishia utafiti. Niliwaomba ruhusa kwanza, lakini sikurekodi, maana kila nilipoweka simu mezani watu walianza tena kuongea kama dodoso. Nilikuwa naandika nikirudi chumbani.

Swali nalo nikalibadilisha. Sikuuliza tena "kwa nini umekuja hapa?" Niliuliza, "Siku mnaamua, nani alikuwepo, na mlisemaje?"

Kimalay changu kilikuwa cha kuokoteza, ila Kiswahili kilinibeba. Dunia ni dunia, bendera ni bendera, nanasi ni nanas, na hujambo yao ni "apa khabar". Nikiyataja hayo meza nzima inacheka, na mtu akishacheka na wewe hakujibu tena kama anafanya mtihani.

Wa kwanza kufunguka alikuwa jirani yangu wa chumba, kijana wa Medan, kisiwani Sumatra, Indonesia. Yeye alitaka Australia. Mama yake akamuuliza jambo moja tu: "Nikiugua, utanifikia kwa saa ngapi?" Medan na Penang, kisiwa cha Malaysia, zimetenganishwa na mlango wa bahari wa Malaka, na kwa ndege hufikishi hata saa nzima. Watu wa Medan wamezoea kuvuka kwenda kutibiwa Penang. Kwa hiyo mama akija kwa daktari wake, mwana anapanda basi la mwendo wa saa 5 hivi kutoka Kuala Lumpur, wanaonana, wanakula, kila mtu anarudi kwake. Mama wala haombi viza. Kwake Penang si ughaibuni. Ni kama sisi watu wa Tanga tunavyoiona Mombasa.

Mwingine alitoka Patani, kusini mwa Thailand. Nyumbani Kimalay, shuleni Kithai. Alisema Bangkok ndiko alikojiona mgeni, na akivuka mpaka kuja Malaysia anasikia muuza samaki anaongea kama bibi yake. Wakati huo serikalini mimi na yeye wote tunahesabiwa "wanafunzi wa kimataifa".

Mchina mmoja alinipa hesabu tupu. Chuo cha Nottingham cha Uingereza kina kampasi Semenyih, cha Monash cha Australia kina yake Bandar Sunway, zote hukuhuku Malaysia. Shahada unapewa na chuo chenyewe, ada iko chini, na baba yake akija kumtembelea anaagiza chakula kwa Kichina bila mkalimani. Alikuwa ameyachora yote kwenye karatasi kabla hajamwambia baba.

Wa Bangladesh alichelewa kusema. Glasi ya tatu ndipo akatoa: alinyimwa viza mara 2 na ubalozi wa nchi moja ya Ulaya, pesa za maombi zikaenda. Hapa alikuja kwa sababu walimkubali. Nikaelewa kwa nini dodoso lilinidanganya. Nani ataweka tiki mbele ya "nilikataliwa kwingine"? Elimu ya pale ni nzuri, nimeisoma mwenyewe, lakini wengi waliigundua baada ya kufika.

Aliyetaka kuniharibia hoja ni Mnepali. Alikuwa anajilaumu. Kaka yake alikwenda Japani, ambako mwanafunzi mwenye kibali anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki katikati ya masomo. Malaysia ni saa 20, tena wakati wa likizo inayozidi siku 7, na kwa kazi chache kama migahawa na vituo vya mafuta. "Ujirani haulipi kodi ya chumba," aliniambia. Nikaliandika hivyo hivyo.

Dodoso sikulichoma. Nililiweka kwenye sura ya matokeo, mazungumzo nikayaweka kando yake, msomaji aone yalivyopishana. Msimamizi aliipenda sehemu hiyo kuliko zote.

Usiku wa kuaga, yule wa Medan akanigeuzia swali langu. "Na wewe? Siku ile nani alikuwepo?"

Nikamwambia kweli. Mezani palikuwa na barua 2 za vyuo vilivyonikubali. Moja ya hapa. Nyingine ya Kampala, ambako dada yangu alisoma akienda na kurudi kwa basi. Mama alitaka Kampala.

"Kwa hiyo wewe mama hukumsikiliza," akasema, akaagiza roti nyingine.